Mashine ya Kambo iliyolala chini ya meza



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vitu vya nyumba: namna ya kuzuia sufuria isishike kutu, namna ya kuweka unga wakati wa mvua, namna ya kulinda nguo za sikukuu na nondo. Juma hili tunawaletea habari ya kitu ambacho wengi wetu hatuna, na pengine hatutakuwa nacho: aspirateri, mashine ya kunyonya vumbi. Tena si mpya. Ni ya zamani, ya wakati ule mji wetu wa Lubumbashi ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Tuliikuta imekufa, tukaifungua, tukaiamsha. Lakini kabla ya kueleza ilivyoamka, lazima tueleze ilivyofika pale tulipoikuta. Bila hayo mtasema tulipoteza wakati bure.

Wanaotufahamu wanajua kwamba watatu kati yetu tuna ugonjwa mmoja: tunapenda vitu vya kale. Mwenzetu mmoja ana pasi nne za makaa, na anazipanga juu ya kabati kama wengine wanavyopanga vikombe. Wa pili ana cherehani ya kuzungusha kwa mkono, ya mama mkwe wake, na bado inashona. Wa tatu anakusanya vinu vya kusagia kahawa. Waume zetu wanacheka. Watoto wanauliza: «Vitu hivi vitatupa nini?» Hatujibu sana. Tunapopata siku ya posho bila msiba wala harusi, tunakaa kwenye baraza, tunafungua kitu, tunakisafisha, tunakifunga tena. Ndiyo starehe yetu.

Mshahara wa mwezi wa saba

Mwaka huu, mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi jekundu, tulikwenda kumtembelea Kambo mmoja wa mtaa wetu. Amepita miaka 80. Tulimkuta ameketi kwenye kiti kidogo mbele ya mlango, na nje ya ua kijana anayenunua vyuma vikuukuu anangoja na mkokoteni wake. Ndani, mtoto wake wa kiume alikuwa ameinama chini ya meza anavuta kitu kilichofunikwa na kitenge. Kilikuwa na mpini mrefu, mfuko wa kitambaa uliolegea, na mwili wa aluminiamu uliopoteza mng'ao. Walikuwa wamekwisha kupatana bei, kwa kilo.

Kambo hakupiga kelele. Alisema tu: «Muache. Ile ni mshahara ya baba yenu.»

Mtoto wake alijibu kwa upole kwamba mama amechoka, na kitu hicho kimekaa hapo maisha yake yote bila kazi. Ndipo Kambo akaanza kueleza, na yule kijana wa mkokoteni naye akaingia kusikiliza.

Mume wake alikuwa boyi katika nyumba ya Wazungu. Wamama wengi leo hawajui kwamba zamani zile, katika nyumba za Wazungu, kazi ya kufagia, kufua na kupiga pasi ilifanywa zaidi na wanaume. Mume wa Kambo ndiye aliyesukuma mashine hiyo juu ya matapi ya salon, asubuhi baada ya asubuhi. Ukafika mwezi wa saba mwaka wa 1960. Uhuru ulikuwa umetangazwa tarehe 30 mwezi wa sita. Siku chache baadaye askari waliasi, na Wazungu wengi wa mji wakapakia magari yao wakakimbilia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Bwana wake naye alikimbia. Alikuwa na deni la mishahara ya miezi miwili. Alisema hana pesa mkononi, akamwambia achukue aspirateri badala yake, atakaporudi watahesabu. Hakurudi.

«Alifika nayo usiku, ameibeba begani,» Kambo alituambia. «Nilimuuliza: Tutakula mashine? Hatukuwa na umeme. Hatukuwa na tapi. Chini ilikuwa udongo. Nililia, na yeye alinyamaza.»

Mume wake hakutaka kuiuza. Alisema anangoja hesabu. Alikufa zamani, na Kambo naye hakuiuza. Kila alipohama aliibeba. Hajawahi kuisikia ikilia, hata siku moja.

Tuliomba tuichukue kwa muda. Mtoto wake alitutazama kama anavyotutazama kila mtu, lakini alikubali. Kijana wa mkokoteni aliondoka bila kitu, na hakukasirika.

Kosa letu la kwanza

Tuseme ukweli: tulianza vibaya. Tulipofika nyumbani tulikuwa na hamu, tukatia fishi ndani ya prizi papo hapo. Ililipuka cheche karibu na swichi, harufu ya mpira ulioungua ikajaa nyumba, na umeme wa ua mzima ukakatika. Mwenzetu aliyeshika mpini alitupwa nyuma hatua mbili. Mungu alisaidia, alikuwa amevaa viatu vya mpira. Jirani aliyekuwa anapiga pasi sare za watoto alikuja kutuuliza kama tuna akili.

Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunalo, na tunawapa bila malipo: mashine ya umeme ya zamani haitiwi kwenye umeme kabla ya kufunguliwa. Hata kama inaonekana nzima. Hata kama mwenyewe anaapa kwamba ilifanya kazi. Mpira unaofunika nyaya hufa kwa uzee kama kitu kingine chochote. Unakauka, unapasuka, unaanguka vipande, na waya unabaki uchi. Mashine hizi nyingi zilikuwa na waya wa nyuzi mbili tu, bila ule wa tatu unaopeleka umeme ardhini. Basi waya uchi ukigusa mwili wa chuma, mwili wote unakuwa na umeme, na anayeshika mpini ndiye anayepata habari.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja, hatumtaji. Aliishika siku tisa, akatuambia mota imekufa, tuiuze kwa kilo. Ilirudi na visi mbili pungufu. Hapo ndipo tulipomkumbuka mjukuu wa Kambo, binti wa miaka kumi na sita anayesoma umeme katika shule ya ufundi. Katika darasa lake wasichana ni wawili. Tulimwita. Alikuja na turnevisi zake katika mfuko wa shule, akakaa chini, akasema: «Wamama, kwanza tusiharakishe.»

Tulivyoifungua

Binti yule alitufundisha jambo la kwanza, nalo linafaa kwa pasi, kwa redio, kwa cherehani, kwa kila kitu. Kabla ya kutoa visi, piga picha kwa simu. Kila visi inayotoka, iweke katika sahani ya mayai, tundu kwa tundu, kwa kufuata utaratibu wa kutoka. Siku ya kufunga unarudi nyuma, tundu la mwisho kwanza. Tangu siku hiyo hatujabaki na visi mkononi tukiuliza ilitoka wapi.

Juu ya mwili kulikuwa na kibao kidogo. Tulikipangusa, kikasomeka: Hoover Junior, Perivale, Uingereza. Tena kikatuambia volti zake, ambazo ni za kwetu. Hilo ni la kuangalia mapema, kwa sababu mashine ya Marekani imetengenezwa kwa volti kama nusu ya zetu, na ukiitia moja kwa moja kwenye prizi ya hapa unaiua.

Mfuko tuliutoa nje, mbali na nyumba, tukiwa tumefunga vitambaa puani. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka zaidi ya sitini, limeshikana kama keki. Chini yake tulipata kitufe cha nguo ya mtoto, pini mbili za nywele, na punje za mchele. Tulinyamaza kidogo. Hilo lilikuwa vumbi la salon ya watu wengine, na mume wa Kambo ndiye aliyelikusanya.

Halafu tuliigeuza. Na hapa, wamama, tulipata mshangao. Bamba la chini lilifunguka bila turnevisi. Waliotengeneza mashine hii walijua kwamba mama wa nyumba ataifungua mwenyewe, kwenye meza yake ya jikoni, kubadilisha mkanda na kutoa nyuzi. Kazi yake inaonekana kwa macho. Mota imesimama wima katikati. Chini ya mota kuna feni. Mhimili wa mota unatokeza mbele kama kidole, na mkanda wa mpira unatoka kwenye kidole hicho, unapindwa, unakwenda kuzungusha rola iliyo mbele. Rola hiyo ina safu za burashi na vyuma vya kugongagonga. Inapozunguka, inapigapiga tapi kama sisi tunavyolipiga kwa fimbo kwenye kamba, burashi zinachokoa vumbi, na upepo wa feni unalivuta na kulisukuma mfukoni. Ni kazi zetu za siku zote, kupiga, kufagia na kuzoa, zimewekwa pamoja katika kitu kimoja.

Rola ilikuwa imefungwa na nywele na uzi kiasi kwamba haikuzunguka hata kwa mkono. Tulikata kwa wembe, taratibu, tukifuata mstari wa burashi. Mkanda ulikuwa umegeuka kuwa kama lami, umeganda kwenye chuma. Tuliutoa kwa kijiti na mafuta ya taa kidogo.

Mota yenyewe binti aliifungua, sisi tukishika taa. Pande zake mbili kuna vijiti vidogo vya makaa, kila kimoja na springi yake. Hivyo ndivyo vinavyopeleka umeme kwenye pete ya shaba inayozunguka. Vinapunguka polepole kama chaki. Vya kwetu vilikuwa vimebaki nusu, vinatosha. Pete ya shaba ilikuwa nyeusi. Aliisafisha kwa msasa laini wa karatasi, akatukataza kutumia steel wool ya jikoni, kwa sababu nyuzi zake za chuma zinaweza kuingia ndani ya mota na kuunganisha kisichotakiwa kuunganishwa. Beringi alizitoa grisi kuukuu, akazitia mpya kidogo tu. Grisi nyingi haisaidii, inavuta vumbi.

Kwa hiyo fundi yule alikosea. Mota haikuwa imekufa. Kilichokufa ni waya, swichi na mkanda. Tulinunua waya mpya wenye nyuzi tatu, fishi mpya na swichi. Gharama yote haikufika bei ya kuku wawili.

Mkanda na subira

Mkanda ndio uliotutesa. Hapa mjini haupo. Tulikata pete kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, na usicheke, ulizungusha rola. Lakini uliteleza, ukapata moto, ukaanza kunuka. Tulituma picha na vipimo kwa shangazi ya mmoja wetu anayeishi Ubelgiji. Alitujibu kwamba kule mikanda ya Junior bado inauzwa, kwa sababu watu wengi wanazitunza mashine hizo kama sisi tunavyotunza pasi zetu. Ilibidi tungoje mtu anayesafiri. Tulingoja majuma saba.

Wakati wa kungoja tulitaka kujua: nani alifikiri kitu hiki? Tulichopata kilitufurahisha.

Mwaka 1901, Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya kunyonya vumbi kubwa kama gari. Ilivutwa na farasi, inasimama barabarani mbele ya nyumba, na mipira mirefu inapitishwa madirishani. Ilikuwa kitu cha matajiri.

Mashine ya kusimama wima, yenye mpini na mfuko, ilitoka kwa mtu asiye tajiri kabisa. Aliitwa James Murray Spangler, mfagizi wa duka kubwa katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu. Kila alipofagia matapi ya duka, vumbi lilimbana kifua. Mwaka 1907 alichukua mota ya umeme, boksi la sabuni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Foronya ndiyo ilikuwa mfuko. Mwaka 1908 alipata hati ya serikali kwamba ubunifu ni wake.

Hakuwa na pesa za kutengeneza nyingi. Alimwonyesha mama mmoja, Susan Hoover. Mama huyo aliijaribu nyumbani kwake, akaona inafaa, akamwambia mume wake. Mume, William Henry Hoover, alikuwa na kiwanda cha vitu vya ngozi, matandiko ya farasi na hatamu, na alikuwa anaona magari yanaanza kuchukua nafasi ya farasi. Alinunua haki ya ubunifu ule mwaka huohuo wa 1908. Jina la Hoover likaenea hata Waingereza wengi wakafanya neno «hoover» kuwa jina la aspirateri yoyote, iwe ya kampuni gani. Kiwanda chao cha Perivale, magharibi mwa London, kilifunguliwa miaka ya 1930, na jengo lake jeupe bado limesimama. Kutoka huko ndiko Junior yetu ilikotoka.

Tuliposoma habari hiyo kwa sauti kwenye baraza, mwenzetu mmoja alisema: «Basi ilianza na mtu anayefagia nyumba ya wengine, na huku kwetu ilikwisha kwa mtu anayefagia nyumba ya wengine.» Hatukuongeza neno.

Siku ilipolia

Mkanda ulifika mwezi wa nane mwishoni, ndani ya soksi, katika valizi ya mgeni. Siku ya posho iliyofuata tuliipeleka mashine kwa Kambo. Tulikuwa tumeosha mfuko kwa mkono na sabuni ya kipande, tumeukausha kivulini, tumeshona mahali palipofumuka. Aluminiamu tuliisugua kwa kitambaa laini na dawa ya kung'arisha, bila kutia soda, maana soda inaifanya iwe nyeusi.

Binti hakuitia moja kwa moja kwenye prizi. Kwanza alipima kwa kifaa cha mwalimu wake kuhakikisha kwamba umeme hauvuji kwenda kwenye mwili. Kisha alifanya jambo tulilolipenda sana: aliweka balbu ya zamani, ile ya kuwaka njano, katikati ya njia ya umeme na mashine. Alitueleza kwamba kama ndani kuna nyaya zimegusana, balbu itawaka kwa nguvu zote na mashine haitapata madhara. Kama yote ni sawa, balbu itawaka kidogo, na mota itaanza kuzunguka polepole.

Tulisimama wote nyuma. Aliwasha. Balbu ikawaka njano hafifu, na chini ya kofia ya mota kukasikika sauti kama nyuki mmoja, halafu kama mzinga. Akazima, akatoa balbu, akaitia kamili. Mfuko ukajaa upepo, ukasimama kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

Kambo alikuwa kwenye kiti chake kidogo. Alisikiliza muda mrefu. Kisha alisema: «Kumbe sauti yake ni hii. Alikuwa ananiigizia usiku, tunacheka. Nilifikiri anazidisha.»

Aliomba aishike. Tulimsaidia kusimama. Mjukuu wake ana tapi dogo salon, ambalo lilikuwa limepigwa fimbo asubuhi ileile, nasi tuliliona safi. Kambo alisukuma mara nne, tano, mkono wa mjukuu juu ya mkono wake. Tulipofungua mfuko juu ya gazeti, kulikuwa na vumbi jekundu laini, kiasi cha kikombe. Wamama tuliokuwepo tulitazamana. Basi haya ndiyo watoto wetu wanayoyavuta wanapolala chini.

Mtoto wake wa kiume alikuwa mlangoni. Alizungumza na mama yake pembeni, hatukusikia. Baadaye alituambia kwamba hakujua habari ya usiku ule wa mwaka 1960. Alikuwa hajazaliwa, na baba yake hakuwahi kueleza. Alijua tu kwamba nyumbani kuna kitu kisichoguswa.

Kambo ameamua kwamba mashine itakuwa ya yule binti, kwa sababu ndiye aliyeifungua. Kaka zake walinung'unika. Kambo aliwauliza nani kati yao anajua mkanda unapita wapi.

Kwa mama anayetaka kujaribu

Hatuwaambii mkanunue aspirateri. Kwenye saruji ufagio na kitambaa chenye maji vinafanya kazi vizuri kuliko mashine. Tena mfuko wa kitambaa wa zamani unaachia vumbi laini sana lipite. Mtoto mwenye pumu asiwe karibu inapofanya kazi, wala inapomwagwa. Yetu ni kitu cha kutunza na kuonyesha, inawashwa mara chache, watoto wakiwa nje. Lakini kama una mashine ya kale nyumbani, iwe pasi, redio au cherehani ya umeme, shika haya:

1. Usiitie kwenye umeme kabla ya kuifungua na kutazama waya wake wote, kuanzia fishi hadi ndani.
2. Soma kibao chake. Kama volti si za hapa, iache mpaka upate transfoma inayofaa.
3. Piga picha, panga visi katika sahani ya mayai.
4. Badilisha waya wenye mpira uliopasuka. Kuufunga na skochi si kuutengeneza.
5. Kazi ya kupima uvujaji wa umeme mpe anayejua na mwenye kifaa. Hapo hakuna aibu ya kuuliza.
6. Usiwashe mikono ikiwa na maji, wala miguu wazi kwenye saruji yenye maji. Kama ua wenu una disjonkteri inayokata umeme unapovuja, tumia prizi iliyo chini yake.
7. Usinyonye maji, wala majivu yenye moto.

Na moja zaidi, ambalo halihitaji turnevisi. Kabla ya kumwita kijana wa mkokoteni, kaa na mama au kambo wako, muulize kitu kile kiliingia nyumbani namna gani. Muulize nani alikibeba. Binti yule ameandika habari ya babu yake kwenye karatasi ya daftari, ameikunja, ameitia ndani ya mfuko wa plastiki, ameifunga kwenye mpini kwa uzi. Atakayeirithi ataikuta.

Siku ya posho ya mwisho wa mwezi, baada ya kuhesabu likelemba, tutakaa tena barazani kufungua pasi ya umeme ambayo mama mmoja wa kikundi chetu ameiweka kabatini tangu ilipompiga. Binti atakuwepo na turnevisi zake. Mje na mabinti zenu, na sahani za mayai zisizo na mayai.

Tubaki na amani mpaka juma lijalo.